Mpira mweusi au sponji nyeupe? Vifuniko vya mabomba ya AC kwa hewa ya Tanga

Hukumu kwanza, sababu baadaye. Kwa bomba la AC linalopita nje ya ukuta hapa Tanga, kifuniko cha kununua ni mpira mweusi wenye unene wa milimita 13. Kwa bomba linalopita juu ya dari, milimita 19. Sponji nyeupe, ile ambayo kopa (bomba la shaba la AC) huja imeshaivaa kutoka kiwandani, ina kazi yake, ila kazi hiyo ni ndogo kuliko inayopewa mjini, kuanzia Chumbageni hadi Raskazone.

Malalamiko makubwa ya wenye AC pwani ni mawili: "inavuja" na "haipozi kama zamani". Wengi huanza kulaumu mashine. Ukipanda ngazi ukaangalia, mara nyingi mashine ni nzima. Maji yanatoka kwenye bomba lililovikwa nguo nyepesi, na ubaridi unapotelea njiani kabla haujafika chumbani.

Hesabu yake ni fupi. Chukua hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, jambo la kawaida kabisa kwa mji uliokaa kwenye ghuba. Hewa hiyo ikigusa kitu chenye nyuzi 26 au chini ya hapo, inaanza kuacha maji. Nafasi uliyonayo ni nyuzi nne tu. Na bomba la AC inayofanya kazi lina nyuzi kama 5 hadi 10. Kwa hiyo swali si kama bomba limefunikwa, swali ni ngozi ya nje ya kifuniko ina joto gani. Kwa bomba la nusu inchi lenye nyuzi 5, hewa ikiwa imetulia, kifuniko cha milimita 9 hubaki na ngozi ya nyuzi 24 hivi: kitatoa jasho. Cha 13 hufika karibu na 26, mpakani kabisa. Cha 19 huvuka 27 na kubaki kikavu. Usiku wa masika, unyevu ukipanda kuelekea asilimia 90 na zaidi, hata hicho cha 19 kinaweza kushika ukungu kidogo, lakini kushika ukungu na kudondosha maji juu ya dari ni mambo mawili tofauti.

Ndiyo maana sponji ileile ya milimita 9 ikifungwa Dodoma wakati wa kiangazi haitoi tone, na fundi aliyejifunzia bara akija Tanga anashangaa kazi yake inamsaliti. Hewa imebadilika, kipimo kikabaki palepale.

Sasa bidhaa zenyewe.

Sponji nyeupe ni plastiki ya jamii ya polithini iliyoumuliwa, na juu yake ina ngozi nyembamba, mara nyingi yenye vishimo vya urembo. Faida yake ni kwamba inakuja tayari juu ya kopa pea, bomba jembamba na bomba nene, na fundi anaokoa nusu saa. Hasara zake zinaanzia kwenye unene. Nyingi ni za milimita 9 au pungufu. Usiridhike na maandishi ya boksi. Omba muuzaji akate ncha, weka rula, pima kutoka kopa hadi ngozi. Kisha bonyeza kwa kidole gumba mpaka usikie kopa, uachie. Sponji nzuri inarudi papo hapo. Dhaifu inabaki na shimo, na hilo shimo ndilo litakalotoa jasho pale klipu itakapoikandamiza.

Kwenye kona ndiko inakoumbuka zaidi. Polithini haipendi kupindwa: upande wa ndani wa kona inajikunja matuta, upande wa nje inavutika na kupungua unene, na mara nyingine inapasuka mstari mwembamba ambao macho hayauoni mpaka tepu ianze kulowa. Jua nalo haliisamehi. Ikiachwa wazi inakuwa ngumu, inageuka unga, ukiipitishia mkono unabaki na vumbi jeupe. Tunaikubali kwa safari fupi isiyozidi mita tatu, mashine ya nje ikiwa mgongoni mwa ukuta uleule, bomba likiwa ndani ya tranki (mfereji wa plastiki wenye kifuniko) au chini ya tepu nzima, na maji yakidondoka yadondokee nje. Juu ya dari ya jipsamu, hapana.

Mpira mweusi wapo wanaouita Armaflex, ingawa hilo ni jina la bidhaa ya kampuni moja, Armacell, na uliopo kwenye rafu unaweza kuwa wa kiwanda kingine kabisa. Jina lisikubabaishe, angalia vinyweleo, yaani vijitundu vya hewa vilivyo ndani ya mpira. Kata kipande, tazama mkato kwenye mwanga: vinyweleo viwe vidogo, vya ukubwa unaofanana, kila kimoja kimefungwa peke yake. Kitumbukize kipande majini, kikamue chini ya maji, ukitoe, ukipanguse, ukikamue tena mkononi. Kikitoa maji, hicho ni sponji ya kuoshea vyombo, kirudishe. Mpira wenye vinyweleo vilivyofungwa haunywi maji, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuuchagua: kifuniko kilicholowa ndani hakizuii tena joto, kinalipitisha.

Mirija yake huuzwa kwa vipande vya futi sita, yaani mita 1.83, au vya mita mbili. Tundu la ndani lazima lilingane na bomba. Bomba la robo inchi linataka tundu la milimita 6, la tatu kwa nane linataka 10, la nusu inchi 12 au 13, la tano kwa nane 15 au 16. Muuzaji akikwambia "chukua wa 13, utaingia kote", usikubali: mpira uliolegea kwenye bomba jembamba unaacha njia ya hewa, na hewa hiyo inaacha maji yake juu ya kopa, ndani kabisa, mahali ambapo hutayaona mpaka kopa iote kijani. Kwa AC yenye umbali wa mita tano kati ya ndani na nje, nunua vipande sita vya futi sita, vitatu vya kila bomba. Hapo unabaki na akiba ya nusu mita kwa kila bomba, na utaihitaji kwenye viungo.

Kuuvisha kuna adabu yake. Ziba mdomo wa kopa kwa tepu kwanza, vumbi lisiingie, kisha usukume mpira mzima bila kuupasua, kabla ya kupanua mdomo wa bomba. Kuupasua kwa kisu urefu mzima ni njia ya mkato inayopendwa, na ndiyo inayozaa mstari wa jasho. Bomba likiwa limeshafungwa na huna budi kupasua, paka gundi ya mgusano pande zote mbili za mpasuko, subiri dakika chache mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo ubane kuanzia ncha zote mbili kuelekea katikati. Nje ya nyumba mpasuko uangalie chini, mvua isiupate. Kwenye maungio ya kipande na kipande, usivute ili vifikiane. Kata kila kipande kirefu kidogo kuliko nafasi, ukiingize kwa kusukuma, vipande vibanane vyenyewe. Mpira uliovutwa hurudi ulikotoka, na baada ya miezi kadhaa unakuta pengo la upana wa kidole.

Pana jambo ambalo tungependa kila mteja alijue kabla fundi hajafika: mabomba yote mawili yafunikwe, kila moja kwa mrija wake. Kwenye AC za ukutani za kawaida, sehemu inayoshusha shinikizo la gesi iko kwenye mashine ya nje. Maana yake bomba jembamba nalo linakwenda ndani likiwa baridi, tena baridi sana. Fundi aliyezoea vyumba baridi vya kuhifadhia samaki ana haki ya kushangaa, kwa sababu huko bomba jembamba ni la vuguvugu na huachwa tupu bila madhara. Akihamishia mazoea hayo kwenye AC, bomba jembamba litachuruzika. Na wapo wanaoyaingiza mabomba yote mawili ndani ya mrija mmoja mpana ili kuokoa mpira. Hapo mabomba yanapeana joto njiani, AC inapungua nguvu, na ule mfereji unaobaki katikati yake unakusanya maji kama mtaro.

Kopa yenyewe tuipitie haraka. Gesi ya R410A hufanya kazi kwa shinikizo la takriban mara 1.6 ya R22 ya zamani, na R32 iko karibu na hapo. Ukuta wa bomba uwe milimita 0.8 kwa saizi za robo hadi nusu inchi, na 1.0 kwa tano kwa nane. Kopa nyembamba zipo madukani, unazijua kwa wepesi mkononi na kwa jinsi zinavyojikunja kwenye kona hata ukitumia springi ya kupindia.

Kazi nyingi nzuri huharibikia kwenye tundu la ukuta. Keki, ile biti ya duara ya kutobolea ukuta, inayotumika sana ni ya milimita 65. Piga hesabu: bomba la robo likivaa mpira wa 13 linakuwa na upana wa milimita 32, la nusu inchi linakuwa 39. Jumla 71, kabla hujaweka waya na bomba la maji. Halipiti. Fundi yuko juu ya ngazi, jua kali, mwenye nyumba anasubiri. Anachukua kisu, anavua mpira kwa urefu wa ukuta, anasukuma kopa tupu, anaziba kwa simenti. Nje kazi inapendeza. Ndani ya ukuta kopa tupu inatoa jasho mchana na usiku, plasta inalowa, rangi inavimba vipovu, na baada ya muda pana doa la hudhurungi chini ya mashine linaloonekana kama ramani. Simenti yenye unyevu na chumvi nayo inaila kopa taratibu. Dawa ni kutoboa tundu la milimita 90 likiinama kuelekea nje kwa milimita 5 hadi 10, kuvisha kipande cha bomba la PVC kama koti la tundu, kupitisha kila kitu kikiwa na nguo zake, na kuziba nafasi iliyobaki kwa povu la kupuliza au silikoni. Tundu hilo bado hufichwa na mgongo wa mashine ya ndani. Mwambie fundi kabla hajawasha drili. Baada ya hapo ni ugomvi tu.

Viungo vifunikwe mwisho, baada ya kupimwa. Nati ya robo inchi ikazwe kwa nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 14 hadi 18, ya tatu kwa nane 34 hadi 42, ya nusu inchi 49 hadi 61, kwa spana mbili, moja ikishikilia na nyingine ikikaza. Jaza naitrojeni, kamwe si oksijeni, maana oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa ni mlipuko. Paka povu la sabuni, tazama bila haraka, kisha toa naitrojeni na uvute vakyumu, yaani unyonye hewa yote iliyobaki ndani ya mabomba. Ndipo uvishe kiungo mpira uliokatwa kupita nati sentimita tano kila upande, kwa mrija mpana zaidi unaoimeza nati, na uzungushie tepu ya mpira kwenye ncha zake. Kiungo cha nyuma ya mashine ya ndani ndicho kibaya kuliko vyote kikiachwa wazi: nati ni kipande kinene cha shaba nyeupe chenye baridi kali, inatengeneza tone kila baada ya muda mfupi, na tone hilo haliingii kwenye beseni la mashine. Linateremka ukutani. Kiungo hicho kisikae katikati ya ukuta. Kiwe ndani au nje, mahali mkono unapofika siku ya kutafuta uvujaji.

Bomba likiganda barafu, hapo usilaumu kifuniko. Hiyo ni gesi pungufu, au chujio limejaa vumbi, na hakuna mpira utakaoiponya.

Kufunga bomba ukutani kuna kosa moja linalorudiwa: kubana klipu mpaka mpira ukakonda. Unene ulionunua kwa fedha zako unaporudi kuwa milimita 4 chini ya klipu, pale ndipo tone litakapoanzia. Ukitazama kwa karibu bomba lililofungwa kwa kebo tai zilizobanwa kupita kiasi, utaliona limegawanyika viuno kama pingili za muwa, na kwenye kila kiuno pana pete ya matone. Tandaza bamba la plastiki au kipande cha bomba la PVC kilichopasuliwa kati ya klipu na mpira, uzito uenee. Klipu ya kwanza iwe sentimita 30 kutoka kwenye kona au kutoka mashine ya nje, kisha kila mita moja kwa bomba la mlalo, na mita moja na nusu kwa la wima. Kebo tai ziwe nyeusi, za kuvumilia jua. Nyeupe zinakatika zenyewe. Usiruhusu waya wa mabati kugusa kopa moja kwa moja: kwa hewa ya chumvi metali hizo mbili zikigusana, ule wa mabati huliwa kwanza, na bomba linabaki linaning'inia. Skrubu za chuma cha pua zinagharimu zaidi kidogo, na kwa nyumba zinazotazama bahari, Raskazone hasa, hatuoni sababu ya kutumia nyingine, maana upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka mlangoni. Kwenye kuta za zamani za mawe na chokaa, fisha (plagi ya kushikia skrubu ukutani) fupi hung'oka na vumbi lake. Tumia ya milimita 10 yenye urefu wa 80.

Karibu na mashine ya nje acha mpindo mpana wa bomba, kompresa ikitetemeka mpindo umeze mtetemo. Na hakikisha mabomba hayasuguani yenyewe wala hayagusi breketi. Kopa ikisuguliwa na chuma usiku kucha inatoboka, na gesi yote inakwenda.

Tepu nyeupe ya kuzungushia ni ya PVC na haina gundi. Inashikwa na mzunguko wake wenyewe. Izungushwe kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Aliyewahi kuona paa la makuti likiezekwa anaelewa: unaanza chini, ili kuti la juu lilalie la chini na maji yapite. Ukianza juu kila pindo linakuwa mdomo uliofunguka kupokea mvua, na maji yanaingia, yanakaa, hayana pa kutokea. Ncha ya juu ifungwe kwa tepu yenye gundi. Kiasi nacho hupunjwa: kwa mita tano za mabomba yenye mpira wa 13 pamoja na waya, tepu ya upana wa milimita 60 inahitajika kama mita 35. Roli moja halifiki, ndiyo maana unaona tepu imevutwa mpaka inang'aa, mizunguko ikigusana kwa ukucha tu. Kwa jua la Tanga tepu hii tunaipa alama ya wastani. Inakauka, inapasuka, inapeperuka vipande, na mpira ulio chini yake nao haupendi jua, unapata nyufa kama ngozi ya kisigino. Ikague kila mwaka kaskazi ikianza, na ukiona nyufa zungusha mpya juu ya ile ya zamani.

Panapowezekana, weka tranki ya plastiki badala ya tepu. Ndiyo bidhaa tunayoipenda kuliko zote kwenye orodha hii, kwa sharti kwamba saizi iwe sahihi. Wengi hununua ya milimita 75 kwa sababu inapendeza ukutani, kisha wanaubana mpira ili kifuniko kiingie, na faida ya unene inakufa. Kwa mpira wa 13, bomba la maji na waya, nunua ya milimita 100. Funga mgongo wake ukutani kwanza, laza mabomba bila kuyakandamiza, bomba la maji likiwa upande wa chini na mteremko wa angalau sentimita moja kwa kila mita, kisha bonyeza kifuniko kikae chenyewe bila kupigwa nyundo. Mdomo wa juu uzibwe kwa kofia yake na silikoni. Mdomo wa chini uachwe wazi ili maji yatoke, lakini uwekewe wavu mwembamba wa chuma cha pua, kwa sababu panya wa mjini wanapenda tranki kuliko fundi anavyoipenda, na mpira mweusi wanautafuna kwa kutandikia viota vyao.